Umeme Kwenye Pipa la Rangi

Mimi simwamini mtu anayetabasamu kabla hajaambiwa shida. Fundi alipoingia uani kwetu mara ya kwanza alikuwa anatabasamu tayari, nyaya kazizungusha begani, kwapani kabana vipande vya alumini vilivyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Nikamwambia wifi yangu, kwa sauti ya kumfikia mgeni vizuri, "Huyu anatafuta dhahabu, si kingine."

Kahama neno hilo si tusi. Watu wengi ninaowafahamu wanaitafuta, na waliobaki wanawauzia chakula wanaoitafuta. Lakini mtu aje nyumbani kwako na chaja ya betri za gari, aseme anataka kupitisha umeme kwenye maji machafu ya vitambaa, tena kwa bei ya kirafiki, halafu wewe umwambie karibu kiti? Labda kama umeshuka kwenye basi leo asubuhi.

Kazi yetu, mimi na wifi yangu, mjane wa kaka yangu, ni kutia vitambaa rangi. Sare za kwaya, sare za harusi, batiki za akina mama wa vikundi. Uani tuna masufuria makubwa ya kuchemshia, kamba za kuanikia, mapipa ya plastiki ya kusuuzia, na kisima tulichochimba wenyewe. Kwenye sufuria inaingia rangi, inaingia kostiki ambayo ukizubaa inakuchubua vidole, inaingia chumvi ya mawe kwa makopo ili rangi ishike. Kitambaa kikitoka tunakisuuza hadi kiache kuchuja. Maji ya kusuuzia, kwa miaka yote tuliyofanya kazi hiyo, yalitoka kwenye tundu chini ya ukuta, yakaingia mtaroni, yakateremka bondeni. Leo ya bluu, kesho ya machungwa. Msimu wa kwaya mtaro wote ulikuwa zambarau.

Sikuona ubaya wake mpaka bwana afya alipokuja. Alisimama juu ya mtaro, akauangalia muda mrefu, akaniambia bila hasira, "Mama, watu wamelalamika. Nitarudi. Nikikuta maji yenye rangi yanatoka hapa, nafunga hii kazi."

Watu gani, hakusema. Mimi nilishajua, au nilidhani nimejua. Nilimshuku jirani wa kulia, aliyewahi kuniuliza kama tunauza kiwanja. Nilimshuku fundi cherehani wa barabarani ambaye tulimkatalia mkopo wa vitambaa. Nilimshuku hata bwana afya mwenyewe, kwamba anataka kitu na anaona haya kutaja. Wifi yangu akasema nimwache Mungu apumzike, nisimsingizie kila aliyemuumba. Yeye ana watoto shuleni na hana mume, na ua ule ndio uliokuwa unatulisha sote. Aliogopa kufungiwa kuliko mimi, kwa hiyo yeye ndiye aliyekwenda kumtafuta fundi.

Na wapi alimpata? Kwa watu wa elusheni. Wasiokaa huku niwaeleze. Elusheni ni mtambo ambao kazi yake ni kutoa dhahabu kwenye maji. Maji yaliyobeba dhahabu yanapitishwa umeme, dhahabu inatoka majini inakwenda kung'ang'ania kwenye chuma, na watu wanaifuata pale. Huyu fundi alikuwa amefanya kazi hiyo upande wa Geita hadi mwenye mtambo alipofunga. Sasa anasema umeme uleule, kwa namna nyingine, unaweza kuitoa rangi kwenye maji yetu. Wewe ungefikiri nini?

Tena mimi nilikuwa na hoja. Maji yetu tunayachota kisimani. Kisima kimo ardhini, na ardhi ya hapa kila mtu anajua ina nini ndani yake. Mji huu watu wanafagia vumbi la sakafu ya duka la dhahabu wakaenda kulichoma. Sembuse maji yaliyolala chini ya mwamba miaka na miaka.

Basi siku ya majaribio nilivuta kigoda nikakaa karibu na pipa, macho kwenye mikono yake. Alivitundika vile vipande vya alumini kwenye ubao, kimoja kimoja, vikiachana upana wa kidole, akavizamisha kwenye maji ya bluu ambayo hata jua halikuingia. Waya mwekundu huku, mweusi kule. Akawasha chaja. Kwa muda hakikutokea kitu zaidi ya mngurumo. Halafu vikaanza kupanda vipovu vidogo vidogo, kama soda iliyofunguliwa, na juu ya maji likatanda povu zito la bluu. Chini ya povu maji yakaanza kukatika, mfano wa maziwa yaliyochacha. Vibonge vya rangi vikajikusanya, vingine vikaelea, vingine vikazama.

"Alumini inaliwa taratibu na umeme," fundi akaeleza. "Inayolika ndiyo inayoikamata rangi na kuifunga. Na hii chumvi mnayotia inanisaidia sana, ndiyo inayopitisha umeme. Yangekuwa maji matupu ningehangaika. Ila dada, ujue chumvi yenyewe inabaki humohumo."

Nilimjibu "ehe" huku nikitazama kama kuna kitu anakiingiza mfukoni.

Alipozima, akaacha maji yatulie, akafungua koki ya chini, na kwenye ndoo yakaingia maji meupe. Wifi yangu alipiga kigelegele. Nakiri hata mimi moyo ulinilainika. Nilikuwa sijawahi kuyaona maji ya kazi yetu yakiwa hivyo, ukaona mpaka kitako cha ndoo. Lakini kilichobaki kwenye pipa kilikuwa tope zito la bluu iliyokolea, na fundi akasema, akiwa bado anatabasamu, "Hili tope nitalichukua mimi."

Nikamuuliza analipeleka wapi.

"Nikalifukie mbali. Si zuri kulitupa ovyo."

Nani, katika wilaya hii yote, amewahi kubeba tope la mtu mwingine, akalipandisha kwenye baiskeli, kwa ajili ya kulifukia tu? Usiku huo sikulala vizuri. Mara iliyofuata, kabla hajafunga gunia lake, nilichota kiasi cha bakuli nikakificha jikoni, na kesho yake nikamshurutisha wifi yangu tukaenda mjini kwa mnunuzi wa dhahabu.

Dukani mlikuwa na watu, wachimbaji kwa madalali, wamekaa kwenye benchi wakisubiri kupimiwa. Nilishusha sauti. Mnunuzi alifungua mfuko, akatazama, akanitazama.

"Mama, hiki ni nini?"

Sasa mimi, kwa kutaka kuonekana mwenyeji wa mambo, nikatumia neno lao. "Marudio," nikasema. Marudio ni mchanga uliokwisha kutolewa dhahabu, ambao watu huuchukua tena wakaurudia kwa dawa kali zaidi, kwa kuwa kuna dhahabu iliyobaki nyuma.

"Marudio ya wapi?"

"Ya nyumbani. Tunapitisha umeme."

Benchi zima likageuza vichwa. Yule mnunuzi aliweka kidogo kwenye kikaango chake, akakipiga moto, moshi ukanuka plastiki iliyoungua, akakwangua kwa ncha ya kisu. Halafu akacheka mpaka akafuta macho. "Mama, hapa kuna sare ya kwaya tu. Dhahabu hamna hata ya kumdanganyia mtoto."

Tulitoka tumeinama. Tulipofika karibu na nyumbani wifi yangu akaangua kicheko peke yake, nami nikamuunga mkono, tukacheka hadi tukashikilia ukuta. Tulidhani yameishia hapo.

Hayakuishia. Neno moja nililolitia mdomoni kwa maringo lilitoka dukani likatutangulia nyumbani. Wale wa kwenye benchi walichosikia ni marudio na umeme, na kwa mtu wa huku hayo mawili yakikaa pamoja ni elusheni. Haikupita wiki, getini pakawa na wanaume nisiowajua, wamevaa mabuti yenye vumbi jekundu, wananiita mama kwa heshima isiyo ya kawaida na kuniuliza kama tunauza. Nikiwaambia ni rangi za vitambaa, wanatikisa kichwa taratibu na kunikonyeza. Mmoja aliniambia nisiogope, yeye si wa serikali. Mimi niliyemshuku fundi mwezi mzima, sasa mtaa mzima unanishuku mimi, na kila nikikana ndivyo nilivyozidi kuonekana mjanja.

Wa getini niliwazoea. Aliyenikosesha raha ni mzee wa bondeni. Huyu ni Msukuma mfugaji, aliyehamia pale miaka si mingi akitokea vijiji vya ndani, mtu wa maneno machache. Ng'ombe wake kila siku huvuka mtaro wetu kwenda malishoni. Zamani akipita nikimwamkia shikamoo, hujibu marahaba, kisha hunitania kwa kuniita mama wa upinde wa mvua. Baada ya habari ya elusheni kusambaa, nilimwamkia akapita kimya. Nilimwamkia tena siku iliyofuata, akasimama, akanyoosha fimbo kwenye mtaro.

"Mayo," akasema, na kwao mayo ni mama, "maji yenu ya rangi ng'ombe wangu walikuwa wanayanusa na kuyaacha. Haya meupe yametoka wapi?"

Nikamweleza umeme, alumini, povu, vyote. Alisikiliza hadi mwisho.

"Na sayanaidi mnaweka saa ngapi?"

Niliapa kwamba hatuna. Sayanaidi ndiyo dawa ya kutolea dhahabu, na kila mfugaji wa huku anaijua kwa jina. Haina rangi. Bwawa lake ni jeupe na linameremeta vizuri. Mzee aliniangalia nikiapa kama anavyoangaliwa dalali wa mnadani, kisha akawaswaga ng'ombe wake wakaenda.

Nilikasirika sana. Nilimwambia wifi yangu mzee yule ni mshirikina, na bila shaka ndiye aliyetushtaki kwa bwana afya. Lakini kushuku ni tabia yangu, na tabia haichagui wa kumshuku. Asubuhi moja nilitoka kumwaga majivu nikamkuta ng'ombe wake mmoja amebaki nyuma ya wenzake, ameinamisha kichwa mtaroni, analamba. Hakuwa anakunywa maji, maana yalikuwa yamekauka. Alikuwa analamba kingo, pale maji yetu meupe yalipoacha ukoko, na ukoko wenyewe ulikuwa mweupe. Alilamba kwa hamu hadi ulimi ukakwaruza udongo. Nilipomfukuza alirudi.

Niliugusa ule ukoko kwa kidole, nikauweka ulimini, nikatema palepale. Ulikuwa na chumvi kali, na nyuma ya chumvi ukali mwingine, wa kuteleza kama sabuni. Kostiki naijua kwa miaka yangu yote ya kazi.

Fundi alipokuja sikumpa hata salamu. Nikamuuliza umeme wake unatoa nini hasa.

"Rangi," akasema. "Na takataka zilizoelea. Mabaki ya sabuni, nta, hivyo."

"Na chumvi?"

"Chumvi haitoki, dada. Wala kostiki haiishi yote. Nilikwambia siku ile ya kwanza, mbele ya pipa."

Na kweli aliniambia. Nilichukia kwamba hakunidanganya. Angekuwa tapeli ningejua pa kumshika. Nilimtafutia wizi kwenye mifuko na kwenye tope, na kumbe jambo lenyewe alilisema wazi akiwa anatabasamu tabasamu lake lilelile, mimi sikulisikia kwa sababu halikuwa siri.

Niseme nilivyowaza, maana sikuwaza vizuri. Bwana afya aliahidi kurudi kutazama rangi. Rangi haikuwepo. Alichotaka tumempa. Ng'ombe si wangu, na mwenye ng'ombe ananiita muuaji bila kulitamka. Wifi yangu akanisihi ninyamaze, kazi ipite kwanza, mengine tutayarekebisha tukishatulia. Nikanyamaza. Nilichofanya ni kukata matawi ya miiba nikayalaza kando ya mtaro ili ng'ombe wasisogee. Mzee wa bondeni aliyaona, na ninadhani ndipo aliposadiki kabisa. Mtu asiye na kitu cha kuficha atawekea maji miiba ya nini?

Bwana afya akaja asubuhi. Tulikuwa tumefanya usafi, fundi kavaa shati jipya, pipa linatoka povu vizuri. Mzee wa bondeni naye akaja na ng'ombe wake wote, akawasimamisha ng'ambo ya mtaro, yeye akaingia uani bila kubisha hodi. Haijawahi kutokea mzee yule asibishe hodi. Alisema, "Mwangaluka," salamu yao ya asubuhi, bila kumtazama yeyote, akasimama pembeni.

Fundi akafungua koki. Bwana afya akakinga glasi ya wifi yangu, akainyanyua juani, akaigeuza, akatabasamu. "Hongereni akina mama," akasema. "Haya sasa ni maji. Wangekuja wenye viwanda wajifunze hapa." Akatoa kalamu.

Mzee wa bondeni akamchukulia ile glasi mkononi, kwa adabu, kwa mikono miwili, akanijia nayo.

"Mayo, onja."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake. Huku kwetu mwenye kinywaji huonja kwanza ndipo ampe mgeni. Iwe togwa, iwe uji wa msibani, anapiga funda moja mbele ya macho ya watu, na watu husema anatoa uchawi. Ukikataa kuonja chako mwenyewe umekwisha kujishtaki.

Niliipokea. Bwana afya alikuwa anacheka, anaona ni utani wa majirani. Fundi aliangalia viatu vyake. Wifi yangu alinisogelea hadi bega likanigusa, akanong'ona, "Onja kidogo tu. Utatema baadaye. Watoto, wifi."

Na funda moja lisingeniua. Nilishalamba ukoko mkali kuliko yale. Glasi ilikuwa baridi, maji yanang'aa kama ya kwenye chupa za dukani, na nilitamani kwa moyo wote kuyanywa, nimwoneshe mzee, nimwoneshe mtaa mzima na wale wa benchi la mnunuzi. Niliipandisha hadi midomoni. Ng'ambo ya mtaro ng'ombe mmoja akapiga kwato. Nikawaza, mimi nitakunywa funda, yule atakunywa kutwa.

Nikaishusha. "Baba, siwezi," nikasema. "Yana chumvi na yana kostiki. Rangi tumeitoa, hivyo vimebaki. Ng'ombe wako wasinywe, wala wasilambe ule weupe wa mtaroni. Ndiyo maana ya miiba."

Wifi yangu alijifunika uso kwa mtandio. Nilihisi aibu imenipanda hadi masikioni, nikijua nimempokonya mkate mdomoni mbele ya mgeni.

Bwana afya alikunja uso, si kwa hasira, kwa kuchoshwa. "Mama, mimi nilitumwa kuhusu rangi. Rangi sijaiona. Mambo ya chumvi hayakuletwa kwangu. Endeleeni na kazi yenu." Akaweka karatasi juu ya pipa akaanza kuandika.

Nilimgeukia mzee nikingojea anitukane. Alikuwa amesimama vilevile, fimbo kwapani.

"Wabeja," akasema. Wabeja ni asante kwao, na nilidhani ananikejeli. "Kule nilikohama, mayo, mwenye mtambo alituita wafugaji wote. Akachota maji ya mtaro wake kwa kikombe, akanywa mbele yetu mpaka mwisho. Tukampigia makofi. Tukaenda kuwaleta ng'ombe."

Sikumuuliza walikufa wangapi.

Bila tundu la ukutani hatukuwa na pa kumwaga maji, na asiyemwaga maji hatii rangi. Wifi yangu alilijua hilo vizuri kuliko mimi. Nilimtazama, naye akanitazama juu ya mtandio, macho mekundu, kisha akaokota jembe lililoegemea kisimani akanipa. Nikamwita fundi alete udongo, tukaanza kuliziba lile tundu, huku bwana afya akiwa bado anaandika kwamba maji yetu yameruhusiwa kutoka.